Chumba cha Moduli Kinapopoa: Kutafuta Kasoro za Loji za Mlimani Lushoto

Sisi mafundi wa Tanga mjini tumelelewa na joto. Tukichora chumba, swali la kwanza ni upepo uingie wapi na utokee wapi. Tunaweka matundu ya hewa juu ya kila dirisha, tunaacha ukingo wa paa wazi, tunanyanyua sakafu ipate hewa chini. Chumba hicho hicho kikiwa cha moduli, yaani kilichotengenezwa vipande vipande karakanani ili kiunganishwe kinapokwenda kusimama, ukikipakia kwenye lori, ukapita Muheza, Segera na Korogwe, ukaiacha barabara kuu pale Mombo na kuzipanda kona za Soni, ukifika Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Magamba na Mtae ni juu zaidi ya hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku kipimajoto hushuka mpaka nyuzi 10 hivi, na kwenye miinuko ya juu hushuka chini ya hapo. Mgeni anaamka analalamika, mwenye loji anakwenda kununua hita.

Naomba tusikimbilie hita. Nimepanda mlima huo mara nyingi kwa sababu ya simu moja tu, "fundi, vyumba vyako baridi", na karibu kila mara nilikuta joto lipo ila linatoroka, au chumba kimelowa. Hita haitibu hayo. Inaongeza bili ya LUKU, na kama loji inategemea betri za jua, inazimaliza kabla ya saa nne usiku.

Beba kipimajoto chenye kipimo cha unyevu, tochi, pimamaji, kiberiti na vijiti vichache vya udi. Fika jioni, ulale humo humo. Chumba cha mlimani ukikikagua saa sita mchana, jua likiwa limekishika, kitakudanganya.

Hita inawaka, lakini chumba hakishiki joto

Saa tatu usiku funga mlango na madirisha, zima feni kama ipo, washa kijiti cha udi. Kipitishe polepole kwenye viungo vyote: pale moduli mbili zinapokutana, kona za sakafu na ukuta, kuzunguka fremu za madirisha, kwenye tundu la waya wa taa, chini ya mlango. Moshi ukipanda wima, pako salama. Ukilala upande au ukinyonywa, weka alama ya chaki. Katika chumba cha kawaida cha moduli usishangae ukipata alama kumi na tano.

Hesabu yake ni hii. Moduli yetu ya kawaida ina upana wa mita 2.4, urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.4, yaani karibu mita za ujazo 35 za hewa. Nje kukiwa na baridi ya nyuzi 10 chini ya ndani, na hewa yote ikabadilika mara 5 kwa saa kwa sababu ya nyufa, unapoteza karibu wati 600. Ukiziba hadi hewa ibadilike mara 1 kwa saa, hasara inabaki wati 120. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Kwa hiyo wageni wawili kitandani wanaweza kulipia hasara hiyo ya hewa wenyewe, bila waya wowote wa umeme.

Kwa kuziba, silikoni peke yake haitoshi kwenye kiungo cha moduli. Mbao zinatanuka na kusinyaa, kiungo kinapumua, silikoni inang'oka upande mmoja. Jibu zuri nililopata limetoka kwa mafundi wa majahazi wa pwani yetu. Wao hukalafati: wanasokota pamba iliyotiwa mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa), wanaishindilia kati ya mbao mbili, na mbao zikicheza pamba inacheza nazo. Kwenye moduli mimi nashindilia nyuzi za makumbi au kamba laini ya mkonge, halafu juu yake napigilia ubapa wa mbao upande mmoja tu, ule wa pili nauacha uteleze. Usitumie sifa, mgeni hatalala kwa harufu. Nyuzi kavu zinatosha.

Kabla ya kuziba jiulize ufa umetoka wapi. Mara nyingi umetoka kwenye mbao mbichi. Ubao wa msindano wa upana wa sentimita 20 uliofungwa ukiwa bado na maji unaweza kusinyaa milimita 5 na zaidi ukishakauka ukutani. Mbao za misindano na misanduku kutoka mashamba ya miti ya Shume ni nzuri na ziko jirani, kwa hiyo hazihitaji safari ndefu, lakini zipangwe zikiwa na vipande vya kutenganisha, zipigwe na upepo kivulini kwa wiki kadhaa kabla ya randa. Na mkulo wa msitu wa asili usiuguse hata ukiambiwa kuna mtu anao. Loji inayojiita rafiki wa mazingira haiwezi kusimama juu ya mti huo.

Ukishaziba na chumba bado kinapoa, tazama juu. Bati tupu lenye ubao mwembamba wa dari chini yake ni sawa na kulala nje. Paa la moduli moja ni mita za mraba 14.4. Kama ni bati peke yake, kwa tofauti ile ile ya nyuzi 10 linapoteza wati 800 na kitu. Weka sentimita 10 za kihami, yaani kitu kinachozuia joto lisipite, iwe sufi ya kioo au lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, hasara inashuka chini ya wati 100. Hakuna shilingi nyingine kwenye chumba hicho itakayofanya kazi kubwa kuliko iliyolala juu ya dari. Mimi napenda nyuzi fupi za mkonge, zile zinazobaki kwenye mashine za kusindika na mara nyingi hutupwa. Tanga imelima mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na mabaki hayakosekani. Zikaushwe kabisa, zinyunyiziwe maji ya boraksi kwa ajili ya wadudu na moto, zikauke tena, ndipo zijazwe. Zikiingia na unyevu utakuwa umepanda bustani ya kuvu darini.

Sakafu huja baada ya paa. Moduli iliyo juu ya nguzo hupigwa upepo chini usiku kucha. Usizibe pande zote nne kwa tofali, mbao zitaoza. Jaza kihami kati ya mihimili, kishikilie kwa wavu chini, na uzibe kwa mbao upande unaotoka upepo tu.

Dari inadondosha maji na mvua haijanyesha

Hii ndiyo dalili inayogombanisha mafundi na wenye loji. Niliitwa na mama mmoja mwenye vyumba vinne njia ya kwenda Magamba. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Tazama juu, paa lako linavuja." Akanionyesha matone yaliyopangika darini kwa mstari ulionyooka kabisa, na mwingine sambamba nao, hatua moja mbali. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa.

Mstari ulionyooka si uvujaji. Paa likivuja maji hufuata njia yake, huacha doa la kahawia lenye umbo lolote. Matone yaliyopangika yanafuata papi za chuma, zile fito zinazoishika dari kwa juu. Chuma hupitisha joto karibu mara 400 kuliko mbao laini, kwa hiyo kila papi ya chuma iliyogusa dari ni mfereji wa baridi unaoingia chumbani. Hewa ya chumba yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 75 huacha umande kwenye kitu chochote kilichopoa kufikia nyuzi 13. Papi ile ilikuwa imefika 10.

Ili kuwa na uhakika, futa dari ikauke jioni, bandika kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne, lala. Asubuhi maji yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, umande umetoka kwa watu. Yakiwa nyuma ya nailoni, kuna maji yanatoka juu, panda paa ukatazame misumari na kofia ya paa, lile bati la kileleni.

Maji yote hayo yanatoka wapi? Kwenye pumzi. Watu wawili wakilala saa nane hutoa zaidi ya nusu lita kwa pumzi na jasho. Hewa yote ya chumba chetu cha mita za ujazo 35, ikiwa na nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya theluthi moja ya lita ya mvuke. Kinachozidi lazima kitue mahali, nacho hutua penye baridi kuliko pote: kioo, fremu ya alumini, papi, kona nyuma ya kabati. Ongeza taulo mbichi zilizoanikwa bafuni mlango ukiwa wazi, na jagi la umeme linalochemka chai.

Hapa msomaji ataniuliza: umetuambia tuzibe nyufa, sasa mvuke utoke wapi? Swali la haki kabisa. Ziba matundu yote usiyoyachagua, kisha acha mawili uliyoyachagua. Moja la sentimita 10 kwa 10 karibu na sakafu, upande usiopigwa na upepo, jingine la ukubwa huo karibu na dari, ukuta wa mkabala. Yote yawe na kifuniko cha kutelezesha na wavu wa mbu. Lengo ni hewa ibadilike mara 1 hadi 2 kwa saa, kwa njia unayoijua. Mwonyeshe mgeni kifuniko hicho siku anapofika, la sivyo atakiziba kwa gazeti.

Tiba ya dari lenyewe ina mpangilio ambao ukigeuzwa unaharibu kila kitu. Kutoka chumbani kwenda juu: jipsamu au mbao, halafu nailoni moja nzima isiyotobolewa ovyo, halafu kihami kilichojaa bila mapengo, halafu nafasi ya sentimita 5 inayopitisha hewa, halafu bati. Nailoni hukaa upande wa joto, yaani wa chumba. Nimefungua dari ambazo fundi aliiweka chini ya bati, juu ya kihami, akidhani inazuia mvua. Mvuke ulipanda, ukakutana na nailoni baridi, ukageuka maji na kurudi kwenye sufi. Ukiikamua ilitoa maji kama kitambaa cha kudekia. Na usiweke nailoni pande zote mbili. Kitu kikilowa katikati hakitakauka tena.

Kama papi ni za chuma na huwezi kuzing'oa, pigilia fito za mbao chini yake, dari ishike fito. Sentimita 3 za mbao zinatosha kuukata ule mfereji. Kwa mama yule ndivyo tulivyofanya, chumba kimoja kwanza, wiki mbili za Julai, kabla ya kugusa vingine vitatu. Ningekushauri ufanye vivyo hivyo.

Kontena la meli nalo linaangukia hapa. Wengi wanalitaka kwa sababu limekuja tayari na bandari tunayo. Ni chuma pande sita, kwa hiyo bila kihami ndani ni kiwanda cha umande. Kulihami kunakula sentimita 10 kila upande wa upana wa mita 2.44 kwa nje, na unabaki na korido. Nikipewa uchaguzi, nachukua paneli za mbao.

Paneli zimefika zimelowa ndani ya nailoni

Kosa hili nimelifanya mwenyewe karakanani Chumbageni, na liliniuma kwa sababu mbao zilikuwa kavu kabisa. Tulifunga paneli mchana wa joto, nailoni imekazwa vizuri, lori likafika Lushoto usiku. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba zaidi ya gramu 22 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 10 haiwezi kubeba hata 10. Tofauti yote ilimwagika ndani ya mfuko, juu ya mbao. Funga kwa turubai linalopumua, achia chini wazi, na ukifika fungua usiku huo huo hata kama vijana wamechoka.

Uvundo, kuvu nyeusi, godoro limeloa chini

Sababu ni zile zile za dari, ila zimejificha. Sogeza kitanda na kabati sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Godoro lisikae juu ya ubao usio na matundu, tumia chaga zenye nafasi. Kuvu iliyokwisha ota isugue kwa maji ya sabuni, kausha, ndipo upake rangi. Rangi juu ya kuvu hai ni kazi ya mwezi mmoja.

Chumba kisichokuwa na mgeni kifunguliwe kila siku kati ya saa nne na saa tisa, ukungu ukishapanda, kisha kifungwe kabla baridi haijashuka. Wahudumu wengi hufungua alfajiri kwa mazoea ya pwani, wakaingiza ukungu wenyewe.

Mlango umegoma, viungo vimeachana juu kuliko chini

Usichukue randa. Mlango unakueleza kwamba chumba kimeinama. Weka pimamaji sakafuni pande zote mbili, au tumia mpira mwembamba wa maji ukilinganisha nguzo moja baada ya nyingine. Miteremko ya Usambara ina udongo mwekundu unaoshika maji ya masika, na nguzo za upande wa bonde huzama kwanza.

Tazama maji ya paa yanaangukia wapi. Mara nyingi hayana mfereji, yanachimba miguu ya nguzo zenyewe. Weka mfereji wa bati, peleka maji kwenye simtanki, utapata na ya kunywesha bustani. Juu ya chumba, upande wa mlima, chimba mtaro wa kukinga maji uyapeleke pembeni. Ndipo ulete jeki, unyanyue kidogo kidogo, milimita chache kila nguzo kwa zamu, uweke vibamba. Ukinyanyua kona moja kwa pupa utapasua jipsamu ya vyumba viwili. Kama udongo wa juu una nyufa ndefu zinazofuata ukingo wa mteremko, hilo si la jeki. Hamisha chumba. Moduli imejengwa ili iweze kufunguliwa, na hapa ndipo faida hiyo inaonekana.

Mgeni ameamka na kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu

Uliza kwanza kama kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Usiulize kingine. Mtoe nje kwenye hewa, mwamshe na mwenzake, wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na jiko lisilotoa moshi linaitoa vile vile. Watu wamelala nayo wasiamke. Kadiri unavyokiziba chumba vizuri ndivyo jiko la mkaa linavyozidi kuwa la kuua, kwa hiyo anayefuata mwongozo huu bila kukataza jiko hilo anatengeneza hatari. Andika katazo mlangoni, mweleze na mlinzi, maana yeye ndiye huombwa mkaa saa tano usiku. Badala yake mpe mgeni chupa ya mpira ya maji ya moto iliyovishwa kitambaa na blanketi la ziada. King'ora cha gesi hiyo kiwekwe kila chumba kama kuni au gesi vinatumika jirani.

Maji ya kuoga ni vuguvugu

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 45 kunahitaji uniti 3.5 za umeme, ndiyo maana tunapendelea jua. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini, likiwa nyuzi 62 hivi juu ya upeo saa sita mchana wa Juni. Paneli ya maji iliyoelekezwa kusini inakosa nguvu pale pale inapohitajika. Igeuze kaskazini, mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20. Madirisha makubwa ya chumba nayo yatazame mashariki, yapate jua la asubuhi ukungu unapoachia. Kama mfumo hauna pampu, chini ya tangi pawe juu ya paneli kwa sentimita 30 au zaidi, la sivyo maji ya moto yanarudi usiku kwenye paneli na kupoa. Kisha pima bomba. Mita 15 za bomba la nusu inchi zina zaidi ya lita 2 za maji baridi ambayo mgeni anayamwaga kabla hayajapata moto, kila anapofungua. Livike sufi, au sogeza tangi.

Bati linapiga kelele usiku

Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 40 toka mchana hadi usiku hufupika karibu milimita moja na nusu, na msumari ukilibana linaruka kwa kishindo. Badili misumari kwa skrubu zenye mpira, tundu la bati liwe pana kidogo kuliko skrubu, usikaze hadi mpira upasuke. Ukiwa juu hapo, kagua kofia na nafasi ile ya sentimita 5 kama haijazibwa na viota vya ndege.